Kutoka Mkono wa Dereva hadi Kihisi cha Mvua: Historia ya Waipa na Nafasi ya Fundi

Utangulizi

Tarehe 10 Novemba 1903 serikali ya Marekani ilimpa Mary Anderson, mwanamke wa jimbo la Alabama, hataza namba 743,801 kwa kifaa cha kusafishia kioo cha mbele cha chombo cha usafiri. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, baadhi ya magari yanayopita katika barabara za Kampala yana kifaa kidogo kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma. Kifaa hicho huamua chenyewe waipa zianze lini na zifute kwa kasi gani. Katika insha hii nitakiita kihisi cha mvua. Mafundi wetu hukiita sensa, nami nitatumia majina yote mawili.

Hoja yangu ni kwamba historia ya teknolojia haikomi siku hataza ilipotolewa wala siku kiwanda kilipoanza kuuza. Inaendelea hadi kwa mtu anayelitengeneza gari miaka kumi au ishirini baadaye, katika nchi ambayo mbunifu hakuwahi kuifikiria. Nitaonyesha kwamba kila hatua iliyompunguzia dereva kazi ilihamisha pia maarifa, yakatoka mikononi mwake na kuingia ndani ya kisanduku kilichofungwa. Kwa hiyo swali la nani anaweza kukifungua kisanduku hicho ni swali la historia, wala si la ufundi peke yake. Mfano wangu wa karibu ni gari la mjomba wangu, ambalo kihisi chake tulikibadilisha wenyewe uani nyumbani. Najua baadhi ya wenzangu watauliza kama hiyo nayo ni historia. Naomba wasome hadi mwisho ndipo wahukumu.

Mkono, injini na umeme

Anderson alipata wazo lake alipokuwa New York wakati wa baridi kali. Aliwaona madereva wa tramu wakihangaika na theluji na mvua iliyoganda, wakilazimika kufungua kioo ili waone mbele, huku baridi ikiwapiga usoni. Kifaa alichobuni kilikuwa rahisi: mkono wenye ukanda wa mpira kwa nje, uliounganishwa na wenzo ulio ndani. Dereva alivuta wenzo, mpira ukafuta kioo, kisha springi ikaurudisha mahali pake. Mwaka 1905 alijaribu kuiuza hataza yake kwa kampuni moja ya Kanada, nayo ikamjibu kwamba haioni kama kifaa hicho kina thamani ya kibiashara. Hataza iliisha muda wake mwaka 1920, wakati magari yalipokuwa yanaanza kuzagaa Marekani, naye hakuwa amefaidika nayo. Ilimchukua mpaka mwaka 2011, miaka mingi baada ya kufa kwake, kuingizwa katika orodha ya heshima ya wabunifu wa Marekani.

Mwanamke mwingine, Charlotte Bridgwood, alipata hataza ya waipa ya umeme mwaka 1917. Naye hakupata faida ya maana. Mwaka huohuo John Oishei wa mji wa Buffalo alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Trico, baada ya kumgonga mwendesha baiskeli usiku wa mvua. Kampuni hiyo ilikua ikawa miongoni mwa kubwa kabisa katika biashara ya waipa. Tunaona hapa kwamba wazo zuri peke yake halikutosha. Palihitajika mtaji, kiwanda na soko.

Kwa miaka mingi magari mengi yalitumia waipa zilizoendeshwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Mfumo huu ulikuwa na kasoro moja kubwa. Dereva akikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto ule hupungua, na waipa huenda polepole au kusimama kabisa. Mtu yeyote anayeijua Kampala na vilima vyake anaweza kufikiria maana ya jambo hilo katika mvua ya Aprili. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuwa imeleta waipa ya umeme mwaka 1926, na taratibu mota ya umeme ikashinda. Hata hivyo dereva alibaki na kasi mbili tu, ya polepole na ya haraka. Mvua ya rasharasha haikuwa na nafasi. Ukiwasha, mpira unakwaruza kioo kikavu, ukizima, huoni.

Kearns na swali la nani mwenye wazo

Aliyelijibu tatizo hilo la rasharasha ni Robert Kearns, mhandisi na mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit. Usiku wa harusi yake mwaka 1953 kizibo cha chupa kilimpiga jicho la kushoto na kuliharibu. Baadaye, akiendesha gari kwenye mvua, alifikiria jinsi kope linavyofanya kazi: halifuti muda wote, hufumba, likapumzika, likafumba tena. Kwa nini waipa isifanye vivyo hivyo? Alifanya majaribio yake nyumbani, katika chumba cha chini ya nyumba, na akaomba hataza ya kwanza mwaka 1964. Saketi yake ilitumia vipande vilivyokuwa vikipatikana dukani: transista, kapasita na rezista.

Aliionyesha kampuni ya Ford kazi yake. Mazungumzo yakavunjika, na mwaka 1969 Ford ikaanza kuuza magari yenye waipa za kupumzika. Kearns aliishtaki mwaka 1978, na Chrysler mwaka 1982. Mwaka 1990 baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba Ford ilikuwa imetumia hataza zake, ingawa si kwa makusudi, na akalipwa dola milioni 10.2. Katika kesi ya Chrysler alisimama mwenyewe mahakamani, na mwishowe akapata takribani dola milioni 30 pamoja na riba. Alifariki mwaka 2005. Ushindi huo ulimgharimu ndoa yake na sehemu kubwa ya maisha yake.

Jambo ninalotaka tulishike katika kesi hii ni hoja ya kampuni. Zilidai kwamba Kearns hakubuni kitu, kwa sababu kila kipande alichotumia kilikuwapo tayari. Yeye alijibu kwamba ubunifu ni kuvipanga vipande vinavyojulikana kwa namna ambayo haikujulikana. Nitairudia hoja hii nitakapofika kwa fundi.

Kioo kinachojua mvua

Wazo la gari kuhisi mvua lenyewe lilikuwapo mapema. Gari la maonyesho la General Motors lililoitwa LeSabre, la mwaka 1951, lilikuwa na kihisi cha unyevu kilichofunga paa mvua ilipoanza. Lakini kihisi tunachokijua leo kilianza kuenea katika miaka ya 1990, kwanza katika magari ya bei kubwa. Cadillac ilikuwa nacho mwaka 1996.

Jinsi kinavyofanya kazi ni jambo la kupendeza, na halihitaji mtu awe mhandisi ili alielewe. Ndani ya kihisi mna taa ndogo zinazotoa mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Mwanga huo unaingia ndani ya unene wa kioo kwa mshazari wa digrii 45 hivi. Mwanga ulio ndani ya kioo ukifika kwenye uso wa nje uliogusana na hewa, hauwezi kutoka iwapo mshazari wake unazidi takribani digrii 42. Wote hurudi ndani, kama mpira uliogonga ukuta, na kupokewa na jicho la kihisi. Tone la maji likikaa juu ya kioo, mpaka ule hupanda hadi takribani digrii 62. Sasa digrii 45 hazitoshi tena kuuzuia mwanga, na sehemu yake hutorokea ndani ya tone. Kihisi huona kwamba mwanga uliorudi umepungua, na kadiri unavyopungua ndivyo waipa zinavyoongezewa kasi.

Ili mwanga uingie kioo bila kupotea, kati ya kihisi na kioo huwekwa kipande cha jeli angavu, chembamba na laini. Jeli hiyo haitakiwi kuwa na kiputo hata kimoja cha hewa, vumbi wala alama ya kidole. Kiputo kikiwapo, mwanga unapotea kabla haujafika unakotakiwa, na kihisi hutoa taarifa ya uongo. Kumbe mfumo mzima, pamoja na kompyuta yake, unategemea kipande cha jeli kisichozidi upana wa viganja vya mtoto.

Gari la mjomba

Mjomba wangu huendesha teksi ya kukodi hapa Kampala. Gari lake ni la Kijapani, lililotumika, kama yalivyo magari mengi ya Uganda. Mwaka jana jiwe lilirushwa na lori kwenye barabara ya Jinja likapasua kioo cha mbele. Gereji moja mjini ilibadilisha kioo. Baada ya wiki mbili waipa zikaanza kufuta kioo kikavu jua likiwaka, na usiku wa mvua kubwa katika msitu wa Mabira, akiwa na abiria wanne, zikakaa kimya. Alihamisha swichi kwa mkono akafika salama.

Kasoro hiyo ina somo la kihistoria. Katika gari lake, nafasi ya kufuta kwa kupumzika imeondolewa kwenye swichi, na mahali pake pamewekwa nafasi ya kujiendesha kwa kihisi. Kihisi kilipokufa, dereva alibakiwa na polepole na haraka tu. Kwa maneno mengine, gari la karne ya 21 lilirudi nyuma hadi kabla ya mwaka 1969. Kazi yote ya Kearns ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku kimoja, na kisanduku kilipoharibika ilipotea nayo.

Gereji ile ilimwambia kihisi kipya lazima kiagizwe ng'ambo, na kwamba gari lazima liunganishwe na kompyuta maalumu. Bei waliyotaja ilikuwa sawa na mapato yake ya majuma sita. Mjomba ana watoto watatu shuleni. Aliniambia, "Mpwa wangu, nitaendesha hivihivi. Mvua haina ratiba, lakini karo inayo."

Tulimwita mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi tangu miaka ya 1970. Hakutaka nimtaje jina. Kazi ilichukua muda wa alasiri moja. Kwanza tuliondoa kifuniko cha plastiki kilicho nyuma ya kioo cha kutazamia, kwa kukibana taratibu bila bisibisi ya chuma ili kisipasuke. Tulichomoa plagi. Tulifungua vibanio viwili vya chuma vinavyokikaza kihisi kwenye kioo, na kimoja kilikuwa kimevunjika. Jeli ya zamani ilikuwa imerudishwa ilivyo, imejaa viputo na vumbi. Zaidi ya hayo, maji yalikuwa yamepenya kwenye plagi na pini mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Kwa hiyo jeli mpya peke yake isingetosha.

Mzee alisoma namba iliyoandikwa mgongoni mwa kihisi, akaninakilisha. Nilikwenda soko la Kisekka, ambako vipuri vya magari yaliyovunjwa huuzwa, na kwenye kibanda cha tatu nikapata kihisi chenye namba ileile, kikiwa na vibanio vyake. Pamoja na jeli mpya kiligharimu chini ya sehemu ya kumi ya bei tuliyotajiwa. Tulisafisha kioo kwa spiriti, tukasubiri kikauke, tukabandika jeli kuanzia ukingo mmoja kwenda wa pili ili hewa itoke, bila kuigusa kwa vidole. Tulisafisha pini za upande wa gari, tukakaza vibanio, tukachomeka plagi. Mzee alinituma nje na chupa ya maji. Nilinyunyiza kidogo, waipa zikafuta mara moja. Nilimwaga, zikakimbia. Nilipoacha, zikasimama. Magari mengine hukataa kihisi kigeni mpaka kiandikishwe kwa kompyuta. Hili lilikipokea bila neno.

Maarifa ya mzee yalitoka wapi?

Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapotakiwa kuuliza. Mzee huyu hajasoma shule ya ufundi. Alijifunza kazi akiwa kijana, baada ya Agosti 1972, Idi Amin alipotangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Biashara nyingi za magari na vipuri zilikuwa mikononi mwao. Zilipogawiwa watu wengine, maduka mengi yaliishiwa bidhaa, na fedha za kigeni za kuagizia hazikuwapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na njia nyingine za bidhaa zikazibika. Ulikuwa wakati wa magendo, neno la Kiswahili ambalo Waganda waliokuwa hawasemi Kiswahili walilitumia kila siku. Mzee ananiambia kwamba raba ya waipa walikuwa wakiikata kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu. "Hatukuwa na cha kubadilisha," alisema, "kwa hiyo tulijifunza kufungua."

Mwaka huohuo wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, yaani watu wanaojulikana kama jua kali. Ni jambo la kufikirisha kwamba wataalamu walianza kuwaandika mafundi hawa kama suala la ajira, lakini si mara nyingi kama suala la maarifa. Mwanahistoria Mwingereza David Edgerton, katika kitabu chake The Shock of the Old cha mwaka 2006, amesisitiza kwamba tuandike historia ya teknolojia kwa kufuata matumizi na matengenezo, si uvumbuzi peke yake, na miongoni mwa mifano yake ni mafundi wa magari wa Ghana. Naona Kampala inastahili sura yake.

Miaka ya 1990 biashara ilipolegezwa, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, kwa kuwa Japani nayo huendesha upande wa kushoto kama sisi. Mafundi waliojifunza kwa uhaba walikutana na wingi wa aina mpya: umeme, kompyuta, vihisi. Mwaka 2018 sheria yetu ilipiga marufuku kuingiza magari yenye umri unaozidi miaka 15. Matokeo yake ni kwamba magari yanayoingia ni mapya zaidi, na yana visanduku vilivyofungwa vingi zaidi.

Pingamizi mbili

Nilipowasilisha rasimu ya insha hii katika semina, nilipewa pingamizi mbili zinazostahili jibu. La kwanza ni kwamba kutengeneza si kubuni, na kumweka mzee wa mtaani karibu na Kearns ni kukosa kipimo. Nakubali kuna tofauti: mzee hakuleta kitu kipya duniani. Lakini tukumbuke kesi ya mwaka 1990. Kama kupanga vipande vinavyojulikana kunaweza kuwa maarifa yenye thamani ya mamilioni, basi kujua kipande kipi kimekufa, kipi kinafaa mahali pake na kipi kiachwe nako ni maarifa. Tofauti ni kwamba ya kwanza yaliandikwa na ya pili hayajaandikwa.

Pingamizi la pili ni usalama: si kila kitu kinafaa kutengenezwa uani. Hilo ni kweli. Magari mapya zaidi huwa na kamera karibu na kihisi cha mvua, inayosaidia breki na kushika njia, na kamera hiyo ikisogezwa lazima ipimwe upya kwa vifaa maalumu. Mzee mwenyewe alisema asingeligusa gari la namna hiyo. Lakini hoja hiyo inageuka kuwa swali: ni nani anayepewa vifaa na maelezo ya kupima? Wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walilijibu mwaka 2012 na tena mwaka 2020, walipoidhinisha sheria za kuwalazimu watengenezaji wa magari kuwapa gereji huru taarifa za matengenezo. Sisi tunaonunua magari yaleyale yakiwa yamechakaa tunalihitaji swali hilo kuliko wao.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba safari ya waipa kutoka wenzo wa Anderson hadi kihisi cha infraredi ni historia ya mambo mawili yanayokwenda pamoja. Upande mmoja dereva amepunguziwa kazi na hatari. Upande mwingine amepunguziwa uwezo wa kuelewa kile anachokiendesha, na uwezo huo umekwenda kwa wanaomiliki maelezo. Anderson na Bridgwood hawakufaidika kwa sababu hawakuwa na viwanda. Kearns alifaidika akiwa amechelewa. Fundi wa Kisekka au Katwe hayumo kabisa katika simulizi, ingawa bila yeye gari la mjomba wangu lisingerudi barabarani kwa bei anayoiweza.

Kutokana na hayo nina pendekezo kwa idara yetu na kwa wenzangu. Mafundi waliojifunza kazi katika miaka ya 1970 sasa wana umri wa miaka sitini na zaidi. Kila mwaka tunaandika insha za mwisho kuhusu wafalme, mikataba na vyama vya siasa, na ni sawa. Lakini wachache kati yetu wangeweza kuchukua kinasa sauti na kwenda kukaa na wazee hawa, kwa Kiswahili au Kiganda, kabla hawajaondoka na walichokijua. Mzee wa mtaani kwetu amekwisha nikubalia Jumamosi mbili za mwezi ujao. Sharti lake ni moja tu: niende na nguo za kazi.